Masale ya Upande Wetu

Elisante alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele jikoni kwangu Kimandolu, akaniambia mama yake, Mama Mkubwa wangu, hatunaye. Akalia kidogo, nami nikalia. Kisha akasema, "Dada, kesho naomba uje mapema, kabla watu hawajajaa. Kuna kitu shambani nataka ukione kwanza." Machozi yangu yakakatika hapohapo. Katika ukoo wetu mtu akikuomba uje kabla watu hawajajaa, ana jambo ambalo hataki lishuhudiwe. Nilimjibu sawa, nikarudi kwenye ungo wangu, lakini nilichokuwa nakiona si mchele tena, ni mpaka wa shamba. Siku ya kipaimara cha mjukuu wake, Elisante aliniambia huku anatafuna, kama neno la kupita tu, kwamba wapima ardhi wa siku hizi wanapenda mistari iliyonyooka, na ule mpindo wa mpaka wetu, chini ya mti wa mringaringa, utatusumbua tukitaka hati. Nilimwambia mpindo ule haujawahi kunisumbua mimi. Tukacheka wote wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake machoni kuona kama anacheka kweli.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Wauza maziwa wa Kimandolu wananijua: sinunui kabla sijaonja, na nikishaonja naonja tena. Wanangu hunicheka, husema mama hata akisalimiwa huuliza kwa nini. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa na baba yangu, na somo lenyewe nililipata katika mwaka mmoja niliokaa kwa Baba Mkubwa, kule juu mlimani, nikiwa darasa la tano. Baada ya simu ya Elisante mwaka ule ulinirudia wote, na harufu zake na sauti zake, nami nikauacha uje, maana nilijua kesho yake nitauhitaji.

Mwaka ule baba alikuwa anajenga nyumba hii ninayoishi sasa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Daraja Mbili, pazia katikati, na baba akaamua nikakae kwa kaka yake mpaka nyumba ipauliwe. Mbele za watu alisema nakwenda kunywa maziwa. Tulipobaki wawili njiani, tunapanda, aliniambia sababu ya pili. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kabla ya kufa alikuwa amewagawia wanawe kihamba, lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa: magharibi kwa Baba Mkubwa, mashariki kwa baba. Kwetu mpaka hauwekwi waya. Hupandwa masale, mimea ile yenye majani marefu ambayo hubaki mabichi hata kiangazi kikikausha kila kitu. Masale ya mpaka wetu yalianzia mferejini, yakapanda moja kwa moja, lakini yalipofika chini ya mringaringa mkubwa yakapinda kuingia upande wa Baba Mkubwa, yakazunguka kipande kidogo kisichozidi chumba cha kulala, kikawa chetu, kisha yakarudi kwenye mstari. Kwa nini Babu aliupinda mpaka pale, baba hakujua, na Babu hakuwa mtu wa kuulizwa. "Kaka yangu hawezi kuupenda ule mpindo," baba akaniambia. "Siku moja ataunyoosha. Wewe una macho mazuri. Ukiona sale limehama, au limepandwa jipya, usimwambie mtu yeyote. Uniambie mimi." Nilivimba kichwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile.

Kwa hiyo niliingia nyumba ile nikiwa mpelelezi, na macho ya mpelelezi huona mengi. Baba Mkubwa alikuwa mrefu, mzee wa kanisa, mtu ambaye ukimwamkia shikamoo alikutazama kwanza ndipo akaitikia marahaba, kama anahakikisha salamu yenyewe ni nzima. Nikashuku kwamba anajua kilichonileta. Sebuleni kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, na kiti kimoja kikubwa cha Babu kisichokaliwa na mtu; nikashuku kiti. Pembeni kulikuwa na stoo yenye kufuli, na ufunguo wake Mama Mkubwa aliufunga kwenye pindo la kanga. Stoo hiyo ilinikosesha raha kwa wiki nyingi, mpaka siku moja ilipofunguliwa mbele yangu nikaona magunia ya kahawa kavu, majembe, na kuku aliyeatamia. Hata kuku yule nilimtazama mara mbili.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni wema. Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono isiyotulia, na tangu siku ya kwanza alinipendelea waziwazi. Alipopika loshoro, yale mahindi yaliyopondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, mimi nilipakuliwa kwanza, kabla ya Elisante, mwanawe wa pekee, tuliyelingana naye darasa. Alipochemsha maziwa, utando mzito wa juu aliukunja kwa kijiko akaniwekea mimi. Elisante alilalamika, na jibu likawa, "Mwache. Huyu ni mtoto wa watu." Nililitafakari sana jibu hilo. Nyumbani Daraja Mbili hakuna aliyekupa utando wa maziwa bila sababu. Nikaamua kwamba nanunuliwa. Niliula utando kila siku, ulikuwa mtamu kupita kiasi, lakini niliula huku nimekaza uso, ili wajue kwamba mimi sinunuliki.

Halafu kulikuwa na Kimeru chao. Mimi ni mtoto wa mjini. Kimeru nilikisikia kwa baba anapokasirika tu, na siwezi kusema nilikijua. Pale nyumbani walisema Kiswahili nami, lakini jikoni, jiko lile la nje lenye moshi ambako Mama Mkubwa alikaa kwenye kigoda akimenya ndizi, mara nyingi nilimkuta Baba Mkubwa amesimama mlangoni wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikitokea, wanakatisha. Au wanaendelea, lakini mtu anajua mazungumzo yaliyobadilishwa njiani. Sauti hupanda ghafla na kuwa ya mambo ya ng'ombe. Jina la mama yangu nililisikia mara kadhaa katika mazungumzo hayo, na jina la mtu halihitaji kutafsiriwa. Nilijiuliza mama yangu anahusika vipi na shamba la wanaume hawa wawili, nikakosa jibu, nikaongeza hilo kwenye hesabu ya mambo ya kushuku.

Mvua za masika zilipokaribia kuisha, ng'ombe mmoja alikata kamba akatoka bandani. Tulimkimbiza mimi na Elisante kati ya migomba tukicheka, mpaka akafika chini ya mringaringa na kuanza kuyakanyagakanyaga masale ya kwenye mpindo. Mama Mkubwa alikuja mbio kutoka mferejini, ndoo akaiangusha njiani. Aliokota jembe lililokuwa kati ya migomba akampiga ng'ombe yule kwa ubapa wake, yeye ambaye ng'ombe wake aliwasemesha kama wageni. Kisha akapiga magoti kwenye matope, akawa anainua shina moja moja lililovunjika na kulisimamisha, nalo linalala tena. Alikuwa analia. Nilisimama pale na fimbo yangu mkononi, nikawaza: mtu mzima hawezi kulilia majani. Anachokililia ni kitu kingine. Wiki haikuisha, alfajiri ya Jumamosi nilimwona kutoka dirishani anakwenda na jembe na vipande vya masale mabichi kwapani. Aliporudi nikaenda kutazama. Alikuwa amepanda masale mapya, na hakuyafuata ya Babu. Yalikuwa ndani zaidi, yamebanana, yamezingirwa samadi. Mtoto yeyote wa kule angejua maana yake. Mpaka unahamishwa.

Nilimbana Elisante. "Mama yako anapanda nini kule chini ya mringaringa?" Akasema hajui. Nikamuuliza kwa nini basi sisi tumekatazwa kukata majani ya ng'ombe sehemu ile, na majani yake ni marefu kuliko kwingine kote. Akasema Mama amesema pale hapachezwi, basi. "Na wewe hukuuliza?" Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini mvua inanyesha. Elisante alikuwa mtoto wa kuambiwa akatii, na mimi nilimdharau kwa hilo. Siku hizi nikimfikiria vile alivyokuwa, miguu peku na kaptula iliyotiwa viraka, sijui kama alikuwa mjinga au alikuwa anaficha. Ni swali ninaloendelea kujiuliza juu yake hata sasa ana mvi.

Baba alikuja kunitazama Jumapili moja moja, kila alipopata nafasi. Nilimpeleka mferejini nikijifanya nachota maji, nikamwambia yote: ng'ombe, machozi, jembe, masale mapya ndani ya upande wetu. Alinisikiliza akiwa amechuchumaa, anatupa vijiwe majini. Hakunisifu. Alisema tu, "Yako ndani ya mpindo? Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akasimama, akaenda kuaga, na alipompa kaka yake mkono niliona hakuushika vizuri, aliugusa tu. Aliporudi Jumapili iliyofuata alikuwa amevaa koti lake la suti. Tulikuwa ibadani wote, na baada ya ibada, nje ya kanisa, ulipofanyika mnada wa sadaka za mazao, Baba Mkubwa alinunua mkungu wa ndizi akampa baba abebe apeleke mjini. Baba akauacha chini palepale. Watu waliona. Tukarudi nyumbani, na nikajua kwamba siku imefika.

Meza ilikuwa imeandaliwa: ndizi na nyama, maharage, maziwa. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Baba Mkubwa aliomba, wote wakasema amina, na baba hakugusa sahani yake.

"Kaka," akasema, "kabla hatujala. Masale ya chini ya mringaringa yamepandwa na nani?"

"Tule kwanza."

"Mimi sili. Marehemu baba aliupinda mpaka pale, na wazee walikuwepo. Kama ulikuwa hutaki, ungesema siku ile mbele yao. Siyo kungoja niko mjini nahangaika na mabati."

Baba Mkubwa aliuliza polepole, "Nani amekuambia?" Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama na sufuria ya ndizi mikononi, alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Nilitamani angekasirika, ningejua la kufanya na uso wangu.

"Nimeyapanda mimi, shemeji," akasema.

"Kwa mpaka upi?"

"Siyo mpaka."

"Masale kama siyo mpaka ni nini, shemeji?"

Baba Mkubwa alisema neno moja kwa Kimeru, la kumzuia. Mkewe akatikisa kichwa. Aliiweka sufuria mezani, akajifuta mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii hakuuliza," akamwambia mumewe. "Leo ameuliza." Kisha akamgeukia baba. "Njoo, shemeji." Wakatoka watatu. Tuliambiwa tubaki tule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Elisante hakutii. Alinifuata nilipochepuka nyuma ya banda, tukapita kwenye migomba mpaka tukawa karibu kiasi cha kusikia.

Mama Mkubwa alisema bila kuzungukazunguka. Alimkumbusha baba kwamba alipokwenda Tanga kwenye mkonge alimwacha mkewe mjamzito, hapo nyumbani, chini ya uangalizi wao. Mtoto alizaliwa, hakumaliza wiki. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakufanyiwa ibada wala kuwekewa msalaba. "Nilimzika mimi na mama mkwe, hapa uliposimama. Tukampandia masale, maana tungempandia nini kingine? Wewe ulirudi ukamkuta mkeo anatembea, anapika. Hukuuliza, na yeye hakusema. Baba mkwe alipogawa shamba aliuleta mpaka huku makusudi, ili mtoto awe kwa baba yake. Ng'ombe ameyakanyaga yale ya zamani. Nimepanda mengine."

Baba alikuwa amesimama juu ya yale majani marefu tuliyokatazwa kuyakata. Alirudi nyuma hatua moja, akaangalia chini, akarudi tena nyingine. "Nilijua alizaliwa," akasema. "Nilidhani wamempeleka kuzikwa kwa kina mama yake." "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Alikuwa na nywele nyingi."

"Jina?"

"Angepewa na nani, shemeji? Ulikuwa hujarudi."

Nyuma ya mgomba mimi nilikuwa nimekamata shati la Elisante. Tangu nipate akili niliitwa kifungua mimba. Wageni wakija, mama alinitambulisha hivyo, kifungua mimba wangu huyu, na nilijiona mtu mzito kwa sababu hiyo. Sasa nilikuwa nasikia kwamba kuna mwingine aliyetangulia, na kwamba yuko hapo, na kwamba nimekwenda kumshitaki kwa baba yake kuwa ni mpaka. Nilihisi wivu kwanza, nasema ukweli. Huruma ilikuja baadaye, ilipokuja haikuondoka.

Kisha baba alifanya jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tu likisimuliwa. Alikata jani moja la sale, akalifunga fundo, akamwendea kaka yake na kumpa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kwetu hilo ndilo ombi la msamaha lisilokataliwa. Mtu akikuletea jani la sale lenye fundo, hata kama amekuulia ndugu, unasimama na kumsikiliza. Baba Mkubwa alilipokea. Alilitazama kama alivyotazama salamu zetu, kuhakikisha ni zima, akalitia kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. "Chakula kinapoa," akasema. Wakarudi, wakala, baba akala sana. Jioni aliondoka na ule mkungu wa ndizi, ambao Baba Mkubwa alikuwa amewatuma vijana waufuate kanisani, na kwapani alikuwa na kipande cha sale. Alikipanda mbele ya nyumba hii kabla haijapauliwa. Mama yangu alipokiona hakuuliza, akakimwagilia. Kiko hapo mpaka leo, kirefu kuliko mlango, na majirani wanadhani ni ua la kupendezesha. Mara moja tu, mwishoni mwa maisha yake, nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia baba. Akanijibu, "Hakuuliza." Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayekueleza njia.

Watu hudhani mwaka ule ulipaswa kuniponya kushuku. Haukuniponya, na sababu ninayo. Kama ningekuwa mtoto wa kuamini, ningekula utando wangu wa maziwa, ningerudi mjini nimenenepa, na baba angekufa bila kujua mwanawe amelala wapi. Niliona vibaya, lakini niliona, na nikasema. Ndiyo maana baba alipozeeka, akiwa na wana wawili wa kiume walionifuata, kipande cha mlimani alinipa mimi. Kaka zake wa ukoo walinung'unika sana. Yeye alisema, "Huyu ndiye anayejua masale yako wapi." Nami nikaendelea kupanda kwenda kule kila mwaka, na kila mwaka nilimkuta Mama Mkubwa ameshapalilia chini ya mringaringa kabla yangu, ameshaweka samadi. Hatukuzungumza kuhusu siku ile. Alinipa maziwa, na utando wake bado aliukunja kwa kijiko akanipa mimi, mwanamke mwenye wajukuu. Siku hizo niliula nikiwa nimelegeza uso.

Nilifika mapema kama Elisante alivyoomba. Ukungu ulikuwa bado umeshika migomba, turubai linafungwa uani, wanawake wachache wanakoka moto. Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja shambani. Chini ya mringaringa, ndani ya mpindo, ndani ya upande wangu, kulikuwa na vijiti vinne na kamba. Vijana wa pale walikuwa wamekaa kando, majembe na sururu miguuni. Nikajisemea, mama yake hajatoka mochwari, tayari anapima. Elisante alikuja nyuma yangu akiwa amevaa koti la baba yake. Aliniamkia, akasema pole na safari, akawaomba vijana watupishe.

"Mama alisema azikwe hapa," akasema.

"Hapa ni kwangu."

"Ndiyo maana nimekuita, dada. Sikutaka nikuulize mbele ya watu ukashindwa kukataa."

"Pembeni ya kaburi la Baba Mkubwa, kule nyumbani, ameachiwa nafasi. Tuliiacha wote, nilikuwepo. Mke anamwacha mume wake anakuja kulala kwenye shamba la watu?"

"Alisema Baba yuko na babu na bibi. Huyu yuko peke yake."

"Alisema lini?"

"Mara ya mwisho alipolazwa."

"Mbele ya nani?"

"Mimi tu."

Mtu wa kwingine hawezi kuelewa nilichokuwa naombwa. Kwetu kaburi ni zaidi ya hati. Mahali alipolala mama yako hakuna baraza la ukoo litakalokuondoa, wala mnunuzi atakayepagusa. Nikisema ndiyo, ule mpindo ambao babu alimkatia mtoto, ambao baba aliutetea kwa hasira na akauombea msamaha, utakuwa wa Elisante na wanawe, na siku wapima watakapokuja mstari utanyooka wenyewe. Na ushahidi wote niliokuwa nao ni maneno ya mtu mmoja. Nilimtazama usoni nikitafuta. Aliona ninachofanya; ananifahamu. Akasema, "Aliniambia tena juu ya zile nywele. Kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi." Kwa sekunde moja nililegea, halafu nikakumbuka kwamba maneno hayo aliyasikia pamoja nami, nyuma ya mgomba, nimeshika shati lake. Hayakuthibitisha kitu.

Nikayaangalia masale. Yalikuwa yamepaliliwa juzijuzi, samadi bado nyeusi, na Mama Mkubwa alikuwa kitandani tangu mvua zianze. Basi mtu mwingine alikuwa amechukua kazi yake. Ningeweza kushuku hata hilo, na nilishuku: mtu anayetaka kipande hukipalilia. Lakini nilimkumbuka yule mwanamke amepiga magoti kwenye matope, anasimamisha shina lililovunjika, kwa ajili ya mtoto ambaye si wake, katika shamba ambalo si lake, huku nyumbani mwake analisha mpelelezi. Yeye hakuwahi kuuliza kipande kile ni cha nani.

"Dada," Elisante akasema, "unaniamini?"

"Sikuamini," nikamwambia. "Waambie wachimbe."

Alifumba macho. Nilimwambia asinishukuru, nikavua viatu, nikaingia kwenye majani nikang'oa vijiti viwili vya upande wa mtoto, maana walikuwa wamevisogeza karibu mno, na nikavichomeka upya mwenyewe. Elisante alinishikia kamba. Tuliivuta tukiwa tumeinama, yeye upande wake na mimi upande wangu, na alipojikwaa kwenye mzizi wa mringaringa nilimdaka mkono. Mikono yetu yote miwili ilikuwa ya wazee. Vijana wakaja wakaanza kuchimba.

Tulimzika kesho yake mchana. Kwaya iliimba, mchungaji akasema maneno mazuri, mashada yakaitwa moja moja, watoto, wajukuu, majirani. Mimi nilikuwa nimebakiza ua moja mkononi. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, nilizunguka udongo mpya nikaliweka pale kwenye masale, chini, penye majani marefu. Jirani mmoja, mwanamke aliyeolewa pale hivi karibuni, alikuwa amesimama karibu ananitazama. Akaniuliza, kwa adabu, "Samahani, mama. Na hapo amelala nani?"

Nimeitwa dada tangu nizaliwe, na wadogo zangu, na Elisante, na mtaa mzima. Mimi sikuwahi kuwa na wa kumwita.

"Dada yangu," nikamwambia.